Nekesa Anainamisha Kichwa

Kitengela
14 Januari 1996

Kwako Dada Naliaka,

Pokea salamu zangu hapo Misikhu, wewe na majirani wote, hata yule jogoo wako mkali. Sisi tulifika salama. Gari lilituharibikia Nakuru, tukakaa hapo mpaka tukachoka, lakini tulifika. Mtoto alilala njia nzima akiwa amekumbatia ule mkoba uliomshonea. Mimi niko mzima. Kazi ya stoo kule Kajiado ni ile ile, mabomba na mifereji, hakuna jipya. Mvua hakuna. Huku ni upepo na vumbi tu, ukifua shati jeupe linakauka likiwa la kahawia.

Sasa dada, jambo lililonifanya nishike kalamu. Wewe umekaa na huyu mtoto tangu mke wangu Agnes afariki, na kila nilipokuja nyumbani nilimkuta ameoga, amekula, amesali, amelala. Nilidhani alizaliwa hivyo. Kumbe! Huku hataki kuoga, hataki mswaki, na usiku analala na viatu, nikimvua analia. Namwita Shirleen hageuki. Jirani yetu Wahu, huyu mama wa mboga anayekaa naye akitoka shule, alisikia kwangu kwamba wewe humwita Nekesa, akajaribu, mtoto akaja mbio. Lakini shuleni ameandikishwa Shirleen na lazima azoee.

Siku ya kwanza nilimkalisha nikamwambia huku si Misikhu. Huku kuna Wamaasai, Wakikuyu, Wakamba, kila mtu, kwa hivyo afuate vile watu wa huku wanafanya. Nikamwambia ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Dada, jioni yote mtoto alitembea na jicho moja limefumbwa mpaka akagonga meza. Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana nilikuwa nacheka peke yangu.

Nimemwandikia ratiba nikaibandika ukutani, kuamka mpaka kulala. Kazini naongoza wanaume wazima kwa ratiba, na mtoto mmoja ananishinda. Niambie, wewe ulikuwa unamfanya nini?

Ni mimi mdogo wako,
Wakhungu


Misikhu
4 Februari 1996

Ndugu yangu Wakhungu,

Mulembe. Salamu kutoka kwa wote, na jogoo amesema amekusikia. Huku mahindi ya mwaka jana bado yapo, ng'ombe wa Mama Khisa amezaa ndama jike, na mchungaji wetu amehamishwa, tumeletewa kijana anayehubiri kama anafukuzwa.

Ati ratiba ukutani! Wakhungu, mtoto wa darasa la kwanza hajui kusoma. Umembandikia nani, mjusi? Tabia haibandikwi ukutani, ndugu yangu. Mimi sikumwambia hata siku moja "piga mswaki". Nilichukua wangu, yeye akachukua wake, tukasimama pale nje tukishindana ni nani atatoa povu jingi. Alikuwa ananishinda, na mimi nilikuwa nakasirika kweli kweli, si mchezo. Kuoga nako hakukuwa na saa. Jua likifika kwa paa la jiko la Mama Khisa, tunateka maji. Mtoto hajui saa. Anajua tu kitu gani kinafuata kingine. Baada ya maji ni chakula, baada ya chakula ni hadithi, baada ya hadithi ni sala, na akisema amina macho yamefunga. Ukiruka kimoja, usimlaumu akikataa vingine.

Lakini vyote hivyo vinatanguliwa na salamu. Mtu mzima akiingia, mtoto aache anachofanya, asimame, amsalimie. Hilo usimwachilie. Mtoto anayesalimu watu hata akipotea ataletwa nyumbani.

Viatu mwache navyo. Mtu anayelala na viatu ana safari kichwani. Atavivua mwenyewe.

Hukuniambia unafika nyumbani saa ngapi.

Mimi sijambo. Kuku wanataga sana. Ugali bado nasonga wa watu wawili, mkono haujasahau, unaobaki nawapa kuku. Nadhani ndiyo sababu ya mayai.

Dada yako,
Naliaka


Kitengela
10 Machi 1996

Kwako Dada,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu za shamba, najua mnalima sasa. Hapa tuko sawa. Wahu anakusalimia ingawa hamjaonana, anasema angependa kujua mtu aliyemfundisha mtoto kuosha sahani bila kuambiwa. Juzi pundamilia walikuja mpaka nyuma ya ploti, Shirleen akawaangalia kwa dirisha, akaniuliza ni nani aliwavalisha.

Nimetoa ratiba. Asubuhi tunasimama nje na miswaki yetu kama wendawazimu wawili. Mwanzoni alikuwa anatema na kulia. Nikamlazimisha aseme shida ni nini, akasema sabuni ya huku imekufa. Ndipo nikaelewa. Maji ya hapa ni ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu hata ukisugua mpaka kesho, na mdomoni yanawasha. Sasa nanunua mtungi mmoja wa maji matamu kwa mkokoteni, wa mswaki na uso. Ameanza kuoga. Viatu anavua kimoja.

Sasa kuna jambo la salamu. Ulisema nisimwachilie, na sijamwachilia. Nikiingia jioni anaacha kila kitu, anasimama, anakuja mpaka mbele yangu. Halafu anainamisha kichwa na kunyamaza. Anaangalia viatu vyangu. Namwambia, "Sema habari ya jioni, baba." Wapi! Namwinua kidevu, nikiachilia kinarudi pale pale. Anakaa hivyo kidogo, halafu anaenda zake pole pole. Kila jioni. Kwa mwalimu hafanyi hivyo, nimeuliza.

Dada, nafikiri ni kinyongo. Ananilaumu kwa kumtoa kwako. Nimeshinda kazini siku nzima, nafungua mlango, na mtoto wangu mwenyewe hataki kuniangalia usoni. Si vizuri, nakuambia ukweli.

Wako,
Wakhungu


Misikhu
31 Machi 1996

Ndugu yangu,

Mulembe. Mvua imekuja na tope lake, mbegu tumepanda. Mguu wangu unauma ule wa kushoto, lakini huo ni wa kila mwaka. Mama Khisa amekuja kunilalamikia kwamba siku hizi siongei. Nimemwambia niongee na nani, na yeye mwenyewe hanyamazi?

Maji ya chumvi hukunieleza mapema. Ungenieleza nisingekucheka. Mtoto alikuwa na haki yake.

Hilo la kichwa, tulia. Wewe umesahau ulivyokuwa? Siku ulipovunja chungu cha mama ulitembea na kichwa kifuani mpaka tukadhani shingo imevunjika pia. Kwetu mtoto akiinamisha kichwa mbele ya mzazi ana kosa, na linamkaa. Hakuna cha kinyongo. Amevunja kitu, amemwaga kitu, amechukua cha mtu. Usimpige, Wakhungu, nasema tena usimpige. Mkalishe tu, muulize kwa sauti ya chini, "Umefanya nini?" Akisema, mwambie yameisha. Kesho atakuangalia.

Fanya hivyo kila jioni mpaka kichwa kiinuke. Mimi nimelea, najua.

Na unafika nyumbani saa ngapi? Nimeuliza mara ya pili.

Naliaka


Kitengela
19 Mei 1996

Kwako Dada,

Salamu za hapa ni za kawaida. Mvua ilinyesha, udongo mweusi ukashika kila mtu, nilienda kazini Kajiado na matope mpaka magotini. Samahani kwa kukawia kujibu. Nilikuwa sijui niandike vipi.

Nilifanya ulivyosema. Jioni ya kwanza nilimkalisha nikamuuliza umefanya nini. Akafikiri sana. Akasema amevunja kikombe. Nikamwambia yameisha. Nikaenda kuangalia vikombe, vyote vizima. Nikasema labda ni cha Wahu. Wahu naye hajapoteza kikombe.

Kesho yake akainama tena, nikauliza tena. Akasema ameiba sukari. Sukari ilikuwa imejaa. Siku nyingine akasema amemtukana mwalimu, nyingine ameua kifaranga. Dada, hapa ploti nzima hakuna kifaranga. Nikaanza kukasirika, nikamwambia sasa unaongeza uongo juu ya kosa. Sikumpiga. Lakini sauti ilipanda, majirani walisikia.

Wiki iliyopita nikamwambia, Shirleen, leo nataka kosa la kweli. Akasema kosa la kweli ni lile lililokufanya wewe, Senge wake, umfukuze. Nikamuuliza, kosa gani hilo? Akasema halijui. Ati ndilo analolitafuta, akilipata ataniambia.

Sijamuuliza tena tangu siku hiyo. Na bado anainama. Miswaki tunaendelea, kuoga anaoga, sala anasali, anakuombea wewe na kuku. Kila kitu ulichonifundisha kimeshika isipokuwa hicho kimoja.

Siku zingine nachelewa kidogo kurudi, kwa sababu ya usafiri.

Wakhungu


Misikhu
7 Julai 1996

Wakhungu,

Nimekaa na barua yako tangu mwisho wa Mei. Nilikuwa naisoma, naiweka chini ya godoro, naitoa tena. Mahindi yamenipita kimo. Watu wazima. Salamu zimeisha.

Mimi nilimfukuza? Mimi? Wewe ndiye ulikuja Krismasi na koti lako ukasema mtoto amefika miaka ya shule na shule za Kitengela ni nzuri. Nilifunga nguo zake, nikamwambia nenda na baba, usilie, ukilia utaniliza. Basi. Sikumweleza kitu kingine. Sasa anatafuta kosa lake kwa vikombe na vifaranga!

Nalianya mwana wa Khisa, yule anayefanya kazi Athi River, alikuja nyumbani kwa mazishi. Anasema amepita kwako jioni tatu hajakukuta. Anasema mtoto anakula kwa jirani, anafanya kazi ya shule kwa jirani, na wewe unaingia akiwa anasinzia kwa kiti kukungoja. Usafiri gani huo, Wakhungu? Wenzako wa Kajiado hawapandi hayo magari? Wewe unaweka vitu stoo siku nzima, ukadhani na mtoto huwekwa stoo ya mtu.

Mlete Agosti shule zikifunga. Atabaki hapa. Shule ya Misikhu haina madirisha lakini jioni kuna mtu nyumbani. Nimeshamwambia mwalimu mkuu.

Naliaka


Kitengela
28 Julai 1996

Dada Naliaka,

Simleti.

Nimekosa heshima kuanza hivyo, najua, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni. Lakini simleti. Mtoto ni wangu, ndiye tu aliyebaki katika nyumba hii niliyopanga na mama yake. Nikimrudisha sasa ataamini kweli kuna kosa, na mara hii atakuwa amefukuzwa na wawili.

Umeuliza saa. Natoka kazini saa kumi na moja. Natembea mpaka steji ya Kajiado, gari la kwanza linajaa linaondoka, naliangalia tu. La pili hivyo hivyo. Kuna kibanda hapo cha chai, naketi na kikombe mpaka kinapoa. Makondakta wamenizoea hawaniiti tena. Usidhani ni pombe. Mimi siogopi watu, dada, wala kazi, wala usiku. Naogopa hicho kichwa. Nikijua nitafungua mlango na kitainama mbele yangu kama nimekuja kumhukumu, miguu inakataa. Nikichelewa namkuta ana usingizi, anainama kidogo tu, naweza kusema ni usingizi.

Sasa umejua. Kama unataka kunitukana nitukane.

Wakhungu


Kitengela
15 Septemba 1996

Kwako Dada Naliaka,

Hukunijibu, na sikulaumu. Lakini hii lazima niandike hata kama utaiwashia jiko.

Jumanne nilishikwa na malaria nikalala nyumbani. Mchana ilishuka, nikatoka nje nikaketi mlangoni na blanketi. Shirleen alikuwa ametoka shule, anacheza kamba na Judy wa Wahu. Akaja Mama Nashipae. Huyu ni mama wa Kimaasai anayetuletea maziwa, ameshuka kutoka upande wa Isinya, huwa simwoni kwa sababu huja mimi nikiwa kazini. Shirleen akatupa kamba chini. Akakimbia mpaka mbele yake, akasimama, akainamisha kichwa.

Dada, nilitaka kuinuka niseme huyu mtoto ana nini na watu. Kabla sijasimama, yule mama akaweka kibuyu chini, akamwekea mkono utosini, kiganja chote, akasema, "Takwenya." Na mtoto wangu akajibu, "Iko!" Akainua uso. Anacheka! Meno yote nje, yale tunayosugua kwa maji ya kununua. Akarudi kwa kamba yake.

Unajua mimi nimekaa Kajiado miaka minane. Kila siku naona watoto wa Kimaasai wanainamia wakubwa wao njiani, wanawekewa mkono kichwani, wanapita. Ndiyo salamu yao. Naiona kama vile naona mbuzi wakivuka barabara. Lakini huyu wangu ni Mbukusu, basi nikamwona Mbukusu tu.

Mimi ndiye niliyemwambia afuate watu wa huku. Wewe ukamwambia, kupitia kwangu, asiache salamu. Yeye akaunganisha yote mawili, akanisalimia kila jioni tangu Machi, na kila jioni nikamuuliza umefanya nini.

Mama Nashipae alikuja kunipa pole ya ugonjwa. Nikamweleza, nikiwa na aibu, kwamba hata mimi huniinamia. Akaniangalia sana. Akasema, "Na wewe unawacha yeye hapo? Mtoto anaomba mkono, wewe nanyima?" Akaita, "Nekesa, kuja!" Yeye pia anamwita Nekesa kama wewe. Akaja, akasimama mbele yangu, akainama. Nikatoa mkono kwenye blanketi. Nikaweka. Kichwa chake kilikuwa na joto la jua. Sikujua neno la kusema, nikasema mulembe yetu ya nyumbani. Akajibu, "Mulembe, baba." Akaninong'oneza nisiutoe haraka.

Jioni nikamuuliza kwa nini hukuniambia ni salamu. Akasema, "Nilidhani umekataa."

Nimelia, dada. Mimi mwanamume wa miaka thelathini na nane, na blanketi mabegani, nimelia mpaka Wahu akaleta uji akidhani homa imepanda.

Sasa napanda gari la kwanza.

Ndugu yako,
Wakhungu

Nimemweleza kwamba hukumfukuza. Amesema atauliza mwenyewe.


Misikhu
6 Oktoba 1996

Ndugu yangu Wakhungu,

Mulembe, mulembe sana. Wewe umepona? Usiache dawa katikati, nakujua. Tumevuna, mahindi yako juani, na yule mchungaji kijana amepata mke, sasa anahubiri polepole.

Barua yako nilisomewa na Mama Khisa, maana macho yalikataa tangu ule mstari wa Jumanne. Tulilia wawili, halafu tukacheka wawili, halafu akataka kujua kwa nini nacheka na mimi ndiye mwenye makosa. Ni kweli. Ati "mimi nimelea, najua"! Nilijua nini? Nilijua watoto wa Misikhu. Nilikaa hapa kwenye kigoda nikakutuma umhukumu mtoto aliyekuwa anasalimu.

Mambo ya kumrudisha nimeyaacha. Mwalimu mkuu nimemwambia nilikosea mwaka. Mtoto aliyejifunza salamu ya watu mahali fulani amekwisha kuwa wa hapo, huwezi kumng'oa. Nasema hivyo na sipendi ninavyosema.

Njooni Desemba. Nitamjibu mwenyewe hilo swali lake. Na unifundishe hilo neno, nisije nikalitamka vibaya.

Viatu je, vyote viwili?

Naliaka


Kitengela
17 Novemba 1996

Kwako Dada,

Salamu kutoka kwetu wawili na Wahu na Judy. Shule zinafunga wiki hii, tutasafiri nikipata ruhusa kazini. Nekesa amekuwa wa tatu kusoma. Ndiyo, nimeandika Nekesa, mwalimu pekee ndiye amebaki na Shirleen.

Viatu vyote viwili. Anavipanga chini ya kitanda, vikiangalia mlango.

Jioni sasa zina mpango wake. Gari likinishusha nakata kwa kiwanja, yeye ananiona kutoka kwa Wahu, anakimbia, anasimama, anainama. Naweka mkono. Halafu maji, halafu chakula, halafu hadithi. Hadithi zangu ni mbaya, anasema zako zilikuwa na fisi. Zangu zina mabomba. Akishalala nyumba inanyamaza vile vile kama zamani, dada, Agnes harudi kwa sababu mtoto ameoga. Lakini sikai tena steji.

Kukifika Desemba tutaongea yale ya kubaki au kurudi. Sitaki kukunyang'anya mara ya pili bila kukuuliza.

Wakhungu


Misikhu
19 Januari 1997

Ndugu yangu Wakhungu,

Mulembe wewe, mulembe Nekesa, mulembe Wahu na Mama Nashipae ambaye namtumia kuku, sijui kama kuku anatumwa kwa posta. Nimefurahi mmefika bila gari kuharibika. Hapa kumekauka. Ndama wa Mama Khisa amekuwa ng'ombe, anakula kila kitu, amekula hata leso yangu ya kanisa.

Asubuhi ile mkiondoka uliniuliza kama bado namtaka, nami nikakuambia gari litawaacha. Ulidhani sikusikia. Nilisikia. Namtaka, Wakhungu. Nimemtaka kila siku tangu ulipokuja na koti lako, na nitamtaka kesho. Nyumba hii ni kubwa mno na ugali ni mwingi mno. Nilikataa kusema kwa sababu ningesema mbele yake angebaki, angebaki kwa kunihurumia, na wewe ungerudi kwa kile kikombe cha chai baridi. Mtoto asipewe kazi ya kutuponya sisi wakubwa. Basi nimekuandikia sasa, gari likiwa limekwenda.

Swali lake aliniuliza siku ile mlipofika Desemba, mkono wangu ukiwa bado kichwani pake. "Senge, nilifanya nini?" Nikamwambia ulikua tu, mama. Akafikiri, akasema hilo si kosa. Nikamwambia si kosa kabisa.

Sasa sikiliza nikuchekeshe. Jana mjukuu wa Mama Khisa alikuja kuomba chumvi. Alisimama mlangoni, mtoto mfupi, kichwa kiko hapa hapa usawa wa mkono wangu. Hakuinama wala nini. Nikajikuta nimemwekea mkono utosini, na sikuutoa haraka. Bibi yake akapaza sauti kutoka kwa ua, "Naliaka, kwani mtoto ana homa?"

Nikasema ndiyo, ngoja kidogo, bado napima.

Dada yako,
Naliaka